Msukule wa Tokyo

Kijana anaamka amechelewa kazini. Hajalala vya kutosha kwa muda mrefu, na miguu inampeleka mlangoni kabla akili haijaamka. Nje anakuta watu wanatafunana. Anakimbia roho mkononi, maiti zinazotembea zikimfuata, mpaka anapopata nafasi ya kusimama na kuutazama mji wa Tokyo ukifuka moshi. Hapo ndipo wazo linapomjia. Hamkumbuki mama yake, haombi dua, hatafuti pa kujificha. Anajiuliza: basi leo siendi kazini? Swali lake likishamwingia vizuri, anapiga ukelele wa furaha, furaha ya mfungwa aliyesikia jina lake likisomwa katika orodha ya msamaha.

Ni miaka mingi sijaona filamu ya mazombi yenye mwanzo mzuri kama huu. Wala sijaona filamu iliyoutupa mwanzo wake yenyewe kwa uzembe kama hii. Inaitwa Zom 100: Bucket List of the Dead. Imeongozwa na Yusuke Ishida, ilitoka Netflix tarehe 3 Agosti 2023, na Eiji Akaso ndiye anayemwigiza kijana huyo, Akira Tendo. Chimbuko lake ni manga, hadithi ya picha za Kijapani, iliyotungwa na Haro Aso na kuchorwa na Kotaro Takata kuanzia 2018. Aso ndiye pia aliyetunga Alice in Borderland, na aliyeitazama ile anajua kwamba mtunzi huyu hupenda kuufagia mji mzima ubaki mtupu, kisha amwulize mtu mmoja: sasa umebaki peke yako, ulikuwa unaishi kwa ajili ya nini?

Nilikuwa na sababu yangu ya kuisubiri. Mtoto wa mama mkubwa, ambaye mimi humwita kaka, alifanya kazi miaka kadhaa katika ghala moja hapa Dar es Salaam, zamu za usiku, kupakia na kupakua. Alirudi alfajiri, waadhini wakiita, akala kiporo akiwa amesimama, akalala mpaka saa nane mchana, akaondoka tena jioni. Siku za mapumziko aliitwa kwa simu, naye hakuwahi kukataa. Alianza kunyamaza. Ukimsalimu aliitikia, lakini ilikuwa kama anaitikia kutoka chumba cha pili. Siku moja mama mkubwa aliketi jikoni, sufuria ya maharage mbele yake, akasema: "Wamemfanya msukule mwanangu." Hakuwa akitania, na hakuna aliyecheka.

Msomaji wa Tanzania hahitaji kuelezwa msukule ni nani. Kwa wa mbali nitasema kwa kifupi. Mtu hufa ghafla, akaliliwa, akazikwa. Baada ya muda watu huanza kunong'ona kwamba kilichoteremshwa kaburini ni gogo la mgomba lililofanywa lionekane kama maiti. Mwenyewe yuko kwa mchawi. Amekatwa ulimi, analishwa pumba, mchana amefichwa darini, usiku analima shamba la bwana wake. Kwa watu wa kusini huitwa ndondocha. Imani hii imewaponza vikongwe wengi wasio na hatia, waliouawa kwa kunyooshewa kidole tu, na siitetei hata kidogo. Lakini itazame picha yenyewe. Msukule haumi mtu. Hafukuzi mtu. Hana njaa ya nyama ya jirani. Analima. Kitisho chote kiko kwa yule aliyemchukua, na katika jambo moja linalomkaba koo kila mama anayelisikia: kwamba mwanao anaweza kuwa hai mahali fulani, anafanya kazi, wala hajui kwamba ana jina.

Neno zombi nalo lilizaliwa katika kitisho hicho hicho. Wataalamu wengi hulihusisha na lugha za Kikongo, na watu wa Kongo walikuwa sehemu kubwa ya waliosombwa kwenda kulima miwa katika koloni la Kifaransa la Saint-Domingue, nchi iliyokuja kuitwa Haiti baada ya mapinduzi ya 1791 hadi 1804. Kwa mtumwa wa shamba la miwa kifo kilikuwa njia ya kurudi nyumbani. Zombi ni yule aliyenyimwa hata njia hiyo. Amekufa na bado anakata miwa.

Wamarekani walilisikia neno hilo walipoikalia Haiti kati ya 1915 na 1934. Mwaka 1929 William Seabrook akachapisha kitabu cha The Magic Island, na ndani yake mna habari za maiti waliopelekwa kufanya kazi kwa ajili ya kampuni ya sukari. Mwaka 1932 ikaja filamu ya White Zombie, na humo mna tukio ambalo mtu akiliona halisahau: kiwanda cha sukari, mazombi wakisukuma mashine, mmoja anaanguka ndani ya kinu, na wenzake wanaendelea kusukuma. Hakuna anayegeuza shingo. Mashine ndiyo pekee inayotoa sauti.

Baadaye George Romero alibadili kila kitu. Katika Night of the Living Dead ya 1968 maiti wanafufuka na kula watu, na hakuna mchawi anayewatuma. Bwana ametoweka, limebaki tumbo. Romero alikuwa na akili yake, na katika Dawn of the Dead ya 1978 aliwapeleka maiti wake kwenye jumba la maduka, wazunguke mbele ya vioo kama walivyozoea walipokuwa hai. Lakini wengi waliomfuata walichukua meno na damu, wakaacha maana. Kwa miongo mingi zombi amekuwa kitu cha kupigwa risasi ya kichwa bila majuto. Mtoto aliyekulia kwenye mabanda umiza, vibanda vya mtaani vya kuonyeshea video, anajua kuwa mazombi huhesabiwa kwa wingi wao. Hakuna anayeuliza walikuwa nani.

Japani iliingia katika hadithi hii kwa mlango wa pembeni. Ile ni nchi ambayo zaidi ya maiti 99 katika kila 100 huchomwa moto. Ndugu huokota mifupa ya marehemu wao kwa vijiti na kuiweka ndani ya chungu. Hakuna mwili wa kufufuka. Wafu wa Kijapani hurudi kama roho. Katika siku za Obon, kwa wengi katikati ya Agosti, huwashiwa moto mdogo mlangoni ili waione njia, kisha huagwa kwa heshima. Wale waliokufa na kinyongo hurudi wenyewe bila kualikwa, na sinema ya Kijapani imewatendea haki: Ringu ya Hideo Nakata, ya 1998, haina tone la damu lisilo na sababu, na bado inamfanya mtu azime televisheni na kuigeuza ielekee ukutani. Kwa hiyo zombi alipofika Japani alifika kama mgeni, na aliyempokea hasa ni mchezo wa video. Mwaka 1996 Capcom ilitoa Biohazard, ambao nje ya Japani huitwa Resident Evil. Humo bwana aliyepotea kwa Romero amerudi. Safari hii si mchawi. Ni kampuni yenye maabara, nembo na idara zake, iitwayo Umbrella.

Nimeipitia historia hii kwa sababu moja. Zom 100 ingeweza kuunganisha ncha zote hizi. Ilikuwa na kampuni, ilikuwa na mtumwa wake, na ilikuwa na nchi ambayo imelipa bei ya jambo hili kwa miili ya watu.

Wajapani wana neno karoshi, kifo cha kufanya kazi kupita kiasi. Kisa kinachotajwa kuwa cha kwanza ni cha 1969, mfanyakazi wa miaka 29 katika idara ya usafirishaji ya gazeti, aliyekufa kwa kiharusi. Miongozo ya serikali yao yenyewe hukihusisha kifo na kazi pale saa za ziada zinapofika takriban 100 katika mwezi mmoja, au wastani wa 80 kwa miezi kadhaa. Siku ya Krismasi ya 2015 binti wa miaka 24, mwajiriwa mpya wa kampuni kubwa ya matangazo ya Dentsu, alijiua baada ya kufanyishwa zaidi ya saa 100 za ziada kwa mwezi. Miaka miwili baadaye mahakama iliitoza kampuni hiyo faini ya yeni 500,000. Sheria ya kuweka ukomo ilipitishwa 2018, na kampuni kubwa zilianza kubanwa nayo Aprili 2019: saa 720 za ziada kwa mwaka, na zisifike 100 kwa mwezi hata wakati wa pilika. Tazama tarakimu hizo mbili, ile ya kifo na ile ya ruhusa. Zinagusana.

Akira wa kwenye manga naye ana miaka 24. Anaingia kazini kwa bashasha, na siku hiyo hiyo anagundua kwamba wenzake hawaendi nyumbani. Bosi wake, Kosugi, humdhalilisha mbele ya watu. Msichana aliyempenda ofisini ni wa mkubwa wa kampuni. Miezi inapita na macho yake yanazidi kuingia ndani. Kampuni za aina hii Wajapani huziita kampuni nyeusi. Sina raha na weusi kutumiwa kutaja ubaya, lakini ndivyo wasemavyo. Neno linalonigusa zaidi ni jingine, shachiku, maana yake mifugo ya kampuni. Binadamu anayefungwa zizini, anayekamuliwa, na ambaye jioni zizi likifunguliwa hajui aende wapi. Nilipokutana na neno hilo nilimkumbuka mama mkubwa na sufuria yake ya maharage. Watu wawili, bahari na bahari kati yao, wameutazama uchovu ule ule. Mmoja akasema mfugo, mwingine akasema msukule.

Ndiyo maana dakika za kwanza za filamu ni za kweli kabisa. Zombi wa hadithi hii ni Akira mwenyewe, kabla virusi havijafika. Dunia inapokufa, yeye ndiye anayefufuka. Anapanda pikipiki na kukata barabara tupu, anakunywa bia asubuhi, anasafisha chumba kilichojaa takataka, anachukua daftari na kuandika mambo 100 anayotaka kuyafanya kabla naye hajageuka zombi. Akaso anaigiza furaha hii kwa mwili mzima, mabega yake yanashuka, hata sauti inabadilika. Ninamwamini. Rafiki yake Kencho, anayeigizwa na Shuntaro Yanagi, anaungana naye, halafu Shizuka wa Mai Shiraishi, binti mwangalifu anayehesabu hatari ya kila hatua. Wanapata gari kubwa la kulala ndani na kuanza safari.

Kuanzia hapo filamu inaanza kuishiwa pumzi. Orodha ambayo ingetueleza kijana huyu ni nani inakuwa orodha ya vituko, na kila kituko kinapita kabla hakijakaa moyoni. Mtu aliyenyang'anywa maisha yake hutamani nini kwanza? Swali hilo lingetosha kubeba filamu nzima. Kaka yangu, siku alipopewa likizo ya kwanza baada ya muda mrefu, hakwenda ufukweni. Alikaa barazani akamwangalia mama yake akichambua mchele. Alikaa kutwa. Ningetamani Akira apewe siku moja ya namna hiyo.

Kisha wanafika katika jumba la kuonyeshea samaki, ambako Akira anatafuta vazi linalozuia meno ya papa ili awe shujaa, na ambako manusura wengine wamejihifadhi. Kiongozi wa kambi hiyo ni Kosugi, bosi wa zamani, anayeigizwa na Kazuki Kitamura. Hapa nilikaa wima. Dunia imekwisha, mishahara imekwisha, kampuni haipo, hakuna mkataba wala kadi ya kugonga mlangoni, na bado bosi anapofungua kinywa kijana analegea na kutii. Anarudia hali yake ya zamani. Mwili unakumbuka utumwa kuliko unavyokumbuka uhuru. Hilo ndilo jambo la kutisha kuliko yote katika filamu hii, na halihitaji rangi nyekundu wala kompyuta. Ni msukule mwenyewe, ameitwa kwa jina la kazini naye ameitika.

Filamu ilikuwa imefika mlangoni. Ilibaki kuingia tu. Ingemwacha Akira akae katika utii huo siku mbili tatu, tumwone akiamka mapema kumfurahisha Kosugi, tumwone akiwakaripia wengine kwa maneno aliyokaripiwa yeye, maana ndivyo utumwa unavyojizalisha. Ingetuuliza kwa nini watu wazima hawa wanakubali kupangiwa zamu na mtu asiye na chochote cha kuwapa. Shizuka anajaribu kuuliza, na maneno yake ni mazuri, lakini hapewi nafasi. Maana anatokea papa.

Ndiyo, papa. Papa zombi mwenye miguu ya watu, anayetoka majini na kutembea nchi kavu akila kila aliyepo. Nguvu yote ya filamu, fedha na kelele vinahamia kwake. Akira anavaa vazi lake, wanakimbia, wanaruka, wanapanga mbinu, na swali la utii linazimwa kama taa. Simchukii papa kwa kuwa ni kioja. Katuni za Kijapani zimejaa vioja, na kioja chenye maana ni neema. Ninamchukia kwa sababu amekuja kumwokoa Kosugi na lawama. Kabla yake adui alikuwa na uso wa binadamu, tai shingoni na sauti tuliyowahi kuisikia wengi wetu. Baada yake adui ni samaki. Samaki hashtakiwi, na akishauawa kila mtu anaruhusiwa kupumua kama vile tatizo limekwisha.

Wanaoitetea husema ni filamu ya mapigano na kicheko, tusiibebeshe mzigo usio wake. Mzigo huo haukuwekwa na mimi. Uliwekwa na kurasa za kwanza za Aso na Takata, na mtu akianza kusimulia msiba wa watu kwa ufundi kama ule ana deni la kuumaliza. Wala siamini kwamba burudani na ukweli haviwezi kulala kitanda kimoja. Shinsuke Sato alithibitisha hilo katika I Am a Hero, filamu ya 2015 iliyotokana na manga ya Kengo Hanazawa. Mle maiti hurudiarudia kile walichokifanya maisha yao yote. Mmoja alikuwa mwanariadha wa kuruka juu; amekufa, kichwa kimebonyea, na bado anakimbia na kuruka, anakimbia na kuruka. Risasi zinalia vya kutosha katika filamu hiyo, na hata hivyo yule mrukaji ndiye aliyenibaki akilini.

Halafu kuna One Cut of the Dead ya Shinichiro Ueda. Ilionyeshwa mara ya kwanza 2017, ilitengenezwa kwa yeni milioni 3 hivi, ikaja kuingiza zaidi ya yeni bilioni 3. Inaanza kwa dakika 37 bila kukata kamera, filamu ya mazombi mbovumbovu inayomfanya mtazamaji ashike rimoti. Baadaye inarudi nyuma kutuonyesha walioitengeneza: mwongozaji aliyezoea kukubali kila agizo la wakubwa, mlevi, mtu mwenye tumbo la kuhara, binti anayemdharau baba yake kwa unyonge wake. Mashine ya kuinulia kamera imeharibika, nao wanapandana mabegani, ngazi ya watu, ili picha ya mwisho ipatikane. Nililia. Ile nayo ni filamu ya kazi. Inasema kuna kazi inayomla mtu na kuna kazi inayomrudishia utu wake, na inaonyesha tofauti iko wapi: iko kwa watu waliokubali kwa hiari kubebana. Netflix ilikuwa na fedha ambazo Ueda hakuziota, na haikuweza kununua ngazi ile ya mabega.

Mabanda umiza yamepungua, lakini vijana wa Dar, Mombasa na Lubumbashi wanaendelea kutengeneza filamu kwa simu na kamera za kuazima, na wengi wanatamani mapigano na mazombi ya kigeni. Ningewaomba wakumbuke kwamba mgeni huyo ni ndugu. Msukule yupo hapa tangu zamani, anajua kulima kuliko kuuma, na siku hizi haajiriwi na wachawi wa mashambani peke yao. Ana sare, ana namba kifuani, anaitwa kazini siku ya mapumziko. Msimpe meno. Mpeni siku moja ya kukaa barazani, kisha mtuonyeshe nani anamwita arudi.

Mara ya kwanza niliitazama Zom 100 nikiwa na kaka. Ghala aliliacha zamani. Sasa anauza matunda sokoni, anaamka saa kumi alfajiri kwa kutaka mwenyewe. Akira alipopiga ule ukelele wa furaha, kaka alisimama wima katikati ya sebule akacheka mpaka machozi yakamtoka, akaomba nirudishe nyuma tuone tena. Tukarudisha mara tatu. Kosugi alipotokea kwenye jumba la samaki alinyamaza, akaweka kikombe chini, akasogea karibu na kioo. Papa alipoanza kutembea kaka alilala pale pale kwenye kiti. Asubuhi aliniuliza habari za bei ya nanasi. Mwisho wa filamu hakuuliza.